Sweta Lisilosuuzwa

Siku hizi masweta ya shule hushika sauti. Ukiyaloweka, maneno ya siku nzima hupanda na povu, yakinong'ona kama watu wa chumba cha pili. Ukiyasuuza, yamekwenda.

Binti yangu Tumsifu alianza kujifulia mwezi uliopita. Nilijisifu kwa majirani: miaka kumi na moja tu, na hanisubiri!

Jumamosi hii nilimwahi. Nikaloweka sweta lake, povu likaumuka polepole kama wingu, na sauti ya msichana nisiyemjua ikapanda: "Jumatatu nakuja na kisu. Ukimwambia mama yako, na yeye namchoma."

Tumsifu alikuwa amesimama mlangoni. "Suuza, mama. Tafadhali, suuza upesi."

"Umeshasuuza mara ngapi?"

Akanyoosha mkono kwenye beseni; nikauzuia.

"Hili halisuuzwi, mwanangu. Mwalimu mkuu atalisikia, na polisi watalisikia. Na Jumatatu huendi peke yako."

Tukalibeba beseni kwenda nyumbani kwa mwalimu mkuu, mimi upande huu, yeye ule, povu likinong'ona katikati yetu. Njia nzima, kwenye kamba za majirani, masweta safi yalichuruzika maji. Yalikuwa yamekamuliwa vibaya, kwa mikono midogo.