Mama Mdogo

Zikiwa zimebaki wiki mbili binti amalize masomo ya ugenini arudi kwao, mwalimu wake alikuja kumsaidia kufungasha. Wakiwa wanakunja nguo, simu ikalia. Mwalimu aliiokota amsogezee, kidole kikagusa kioo, na mama yake binti akatokea kwenye video akicheka.

"Mziwanda wangu, chumba chako tumeshakipaka rangi. Ukichelewa tutakipangisha."

Binti alihisi masikio yanawaka. Muhula uliopita, utafiti ulipomshinda, alimzika mama yake kwa mdomo: alimwambia mwalimu amefiwa, akaongezewa muda. Tangu hapo mwalimu alimletea supu kila Jumapili. Hakumhoji. Alikaa tu naye mpaka amalize bakuli.

"Mnafanana," mwalimu alisema kwa upole. "Ni nani huyu?"

"Mama mdogo," binti alijibu, macho kwenye soksi aliyoishika.

Mwalimu aliisogeza simu karibu na uso wake. "Pole sana, mama, kwa kuondokewa na dada yako. Mtoto wake tumemtunza kadiri tulivyoweza."

Kicheko kilimkauka mama. Alimtazama binti yake, na binti akawa anavuta uzi wa ile soksi, anauvuta tu, nayo inazidi kufumuka.

"Asante, mwalimu," mama alisema taratibu. "Marehemu alimpenda sana huyu mtoto."