Shimo Chini ya Mihogo

Bi Mwanaidi hakumwamini mtaalamu Lubango, aliyekuja kupima ardhi ya kiwanja chake. Kiwanja kilikuwa urithi wa mama yake, na tayari mumewe, Mshamu, alikuwa akimsihi akiuze kwa rafiki yake, maana eti alichimba akakuta chini ni mwamba mtupu, hata kisima hakichimbiki.

“Yaani vyombo hivi unavijaribu kabla ya kuvipeleka sayari ya Mirihi,” alisema Bi Mwanaidi. “Kwani huko hakuna udongo, mpaka uje kwangu?”

“Tunagonga tu, mama. Mtikisiko ukipita kwenye mwamba unakimbia, kwenye udongo laini unajikokota. Hapo tunajua kilichomo bila kuchimba.”

“Wewe mwenyewe umejikokota tangu asubuhi. Haya, gonga.”

Lubango alipiga bamba la chuma kwa nyundo. Mistari ikarukaruka kwenye kompyuta. Akaikazia macho, akapiga tena.

“Mwamba uko mbali sana, mama. Ila pale kwenye mihogo kuna shimo refu lililofukiwa. Udongo wake bado haujashikana.”

Bi Mwanaidi akamgeukia mumewe aliyesimama kando, ambaye ghafla alikuwa anasoma mawingu.

“Mume wangu, si ulisema ulichimba ukakuta mwamba?”

“Hizo mashine za Mirihi,” alisema Mshamu, “huku kwetu zinachanganyikiwa.”

Bi Mwanaidi aliingia ndani taratibu, akarudi na jembe, akamnyooshea mpini.

Mshamu, macho bado mawinguni, akalipokea kwa upande wa chuma.