Mshale Usiotoka Nje

Siku hizi nyumba zinasema zenyewe, ila nyumba haifanyi lolote ambalo halijachorwa ukutani kwa visanduku na mishale. Marehemu mke wangu, Mwanaheri, ndiye aliyetuchorea, maana mimi shule niliishia darasa la tatu. Alichora hivi: mtu akianguka, nyumba imuulize kama ni mzima, asipojibu, imuulize tena. Wakubwa wakaangalia, wakapiga muhuri. Siku alipoanguka jikoni, mimi nikiwa kazini, nyumba ikamuuliza. Niliporudi jioni bado ilikuwa inamuuliza, tena kwa adabu.

Juzi akaja Afisa Kibwana kukagua mchoro wangu mpya. Nilikuwa nimechora nyumba iniulize hali kila alfajiri, na mshale mmoja unaotoka nje mpaka kwa jirani yangu, Bi Somoe.

"Mzee Chande, huu tunaufuta," akasema. "Mshale hautoki nje ya nyumba. Ndiyo sheria."

"Sasa nikianguka, itamwambia nani?"

"Watu wa humu."

"Humu nimebaki peke yangu, bwana afisa."

"Basi itakuuliza wewe."

"Kumbe mmesoma miaka yote hiyo ili mje kuniambia hivi!"

Akaufuta kwa kiganja chake, akapiga muhuri, akaomba maji ya kunywa. Nikampa.

Tangu hapo, nyumba ikiniuliza alfajiri kama ni mzima, nafungua dirisha kwanza, ndipo najibu kwa sauti kubwa. Bi Somoe naye hukohoa kwake, nami najua amenisikia.

Leo hajakohoa. Nyumba yake naisikia inamuuliza. Natoka mbio, miguu peku.