Pasi Juu ya Waya

Asubuhi nzima kompyuta ya Linux ilikikana kisanduku cha kurekodia sauti, kana kwamba hawajuani. Kifungua mimba wa marehemu fundi mitambo alizima, akawasha, akabadili mipangilio mpaka akaishiwa maarifa.

"Basi kikatae tu!" alifoka, akautupa waya mezani.

Waya ukagonga pasi kuukuu ya mkaa. Hapo akakumbuka. Tundu la kisanduku lililegea zamani, na baba yake hakurekodi kwaya hata moja bila kuukandamiza waya kwa pasi ile, usicheze.

Akauchomeka, akaiweka pasi juu yake. Taa ikawa kijani.

Akaanza kurekodi, akagonga maikrofoni kwa ukucha, na bila kufikiri yakamtoka maneno ya mzee ya kujaribia mitambo:

"Mama watoto, unanipata?"

Spika zikayafikisha jikoni. Mama akajibu papo hapo, kwa sauti changamfu ambayo haikusikika tangu msiba:

"Nakupata, mume wangu! Njoo, chai inapoa."

Kisha bomba la jikoni likafungwa ghafla.

Kwenye skrini, mstari wa kurekodi ulikuwa bado unatembea. Kijana alipeleka kidole kwenye kitufe cha kusimamisha, akakirudisha.