Viatu vya Mvuvi Kuzuhara

Kuzuhara alikumbuka viatu vyake wakati ameshashika kipaza sauti. Koti la kivuvi aliazima, kofia aliazima, hata harufu ya samaki alijipaka. Lakini viatu alivyovivua mlangoni pa ukumbi, kama ilivyo desturi, na kuvifungia kwenye kikabati vilikuwa vya kazini, vyeupe, vyenye nembo ya mtambo wa nyuklia. Njia ya mwongo ni fupi.

Alikuwa karani wa mtambo huo wa ufukweni. Asubuhi hiyo wakazi wa Hamasaki waliitwa waseme kama wanataka uwashwe tena, naye bosi wake akamtuma awasemee, maana wakazi siku hizi hawaaminiki.

"Ukitambulika, hatukujui," bosi alimwambia. "Na kazi huna."

Basi akasema, jasho likimtoka: "Mimi mvuvi. Nchi nzima inahitaji umeme. Mtambo huu haujawahi kumdhuru hata dagaa."

Ukumbi wa watu mia tatu ukapiga makofi.

Akainuka bibi mmoja, Tsurumaki, mishipa ya shingo imemsimama. "Mvuvi gani mwenye mikono laini kama tofu? Taa zinawaka Tokyo, sisi tunabaki na hofu. Kijana, mbona bandarini sijakuona hata siku moja?"

"Ukiamka wewe, mama, mimi nimesharudi."

Watu wakacheka. Bibi naye wakampigia makofi, kwa adabu. Mwenyekiti alipoomba wanaokubali wainue mikono, karibu yote ikapanda, na mtambo ukapata ruhusa.

Kuzuhara hakufurahi. Alitaka ukumbi ubaki mtupu, achukue viatu vyake bila kuonwa. Akajifanya anasoma tangazo la chanjo ya mbwa ukutani. Nusu saa ikapita, tangazo lote ameshalikariri. Alipogeuka, hakuna aliyeondoka. Huyu anakunja koti, anakunjua. Yule anaisifia dari. Bibi Tsurumaki anatafuta miwani aliyoivaa.

"Jamani, kwani hamna kwenu?" aliuliza mtunza ukumbi, ambaye chakula chake cha mchana kilikuwa kinapoa.

Mzee huyo akatwaa funguo zake, akafungua vikabati kimoja baada ya kingine, akimwaga viatu sakafuni.

Zilikuwa jozi mia tatu, zote nyeupe, zote na nembo ileile. Bibi Tsurumaki akakohoa, akainama wa kwanza, akaanza kutafuta saizi yake.