Jina Limetangazwa Mara Mbili

Siku hizo kila mtoto alivaa bangili iliyosoma akili yake na kuandika hitilafu zake. Zawena aliporudi kutoka darasa lake la jioni la kuandika programu za kompyuta, alikuta bangili ya mwanawe Shani inawaka njano: "Onyo: jina 'mama' limetangazwa mara mbili."

"Njano tu hiyo, shoga," jirani yake Saumu akamcheka. "Kosa lingewaka jekundu!"

Lakini Zawena alishafundishwa darasani: onyo halisimamishi kazi, na jina likirudiwa, maana ya mwisho ndiyo hushika.

Akamwinamia mtoto. "Shani mwanangu, mama yuko wapi?"

Mtoto akacheka, akampa mgongo, akakinyooshea mikono kitanda cha umeme kilichombembeleza jioni zote hizo.

Bangili ikageuka kijani: "Hakuna hitilafu."