Ramani ya Nyumba Iliyoungua

"Risiti ziliungua pamoja na vitu, dada. Ulitaka zikimbie zenyewe?"

Afisa wa bima hakucheka. Aliipitisha kalamu juu ya fomu ya madai: kochi, hakuna risiti; friji, hakuna risiti; cherehani, hakuna risiti. Ukurasa mzima ulisema hivyo hivyo.

Hii ilikuwa mara ya tano dereva wa lori kukalia kiti kile cha plastiki. Nyumba yake iliungua mchana kwa hitilafu ya umeme, mkewe akiwa sokoni, yeye akiwa njiani mwezi wa pili mfululizo na shehena ya saruji. Aliporudi alikuta kuta nyeusi na bomba linalovuja. Miaka kumi na moja alikuwa ameilipia bima ya vitu vya ndani bila kuruka mwezi. Sasa yeye na mkewe walilala kwenye stoo ya shemeji, katikati ya magunia, na shemeji alishaanza kusalimia kwa mkato.

"Picha?"

"Zilikuwa kwenye albamu. Albamu ilikuwa kabatini."

"Hata kwenye simu?"

"Simu yangu ni ya kupiga na kupokea."

"Duka ulilonunulia friji?"

"Siku hizi wanauza matairi."

Afisa akavua miwani. "Imebaki njia moja. Lete shahidi aliyewahi kuingia nyumbani kwako, asiwe ndugu. Tutamkalisha peke yake, wewe peke yako, mama peke yake. Kila mtu atachora nyumba chumba kwa chumba, kila kitu mahali pake. Vitu vya uongo huwa havijui pa kukaa. Michoro ikilingana, tunalipa. Shahidi akiacha chumba wazi, vitu vya chumba hicho havilipwi."

Dereva alirudi stoo akihesabu watu kichwani. Mtu wa safari hana marafiki mtaani kwake. Anao kwenye vituo vya mafuta. Alibaki mmoja tu, kinyozi waliyepakana naye ukuta.

Mkewe hakulipenda wazo hilo. "Tafuta mwingine. Kinyozi anajua nini cha kwetu?"

"Alikuja kutazama mpira mara mbili. Nimlete nani, paka?"

"Atakuharibia tu. Bora tuachane na hao wa bima, tuanze upya."

"Tuanze upya na nini, mke wangu? Na magunia ya kaka yako?"

Mke akaendelea kukunja nguo. Siku mbili dereva alilizungusha hilo kichwani. Yeye anapigania vijiko vya nyumba, mwenye jiko amekwisha kukata tamaa.

Kinyozi naye alikuwa mzito kama gunia lililolowa. Alikuwa anamnyoa mteja ndevu na hakutaka kugeuka.

"Mimi sina kumbukumbu, jirani."

"Unakumbuka nani alinyolewa kwa mkopo tangu mwaka juzi, utashindwa kukumbuka kochi?"

Mteja alicheka hadi ikabidi wembe usubiri.

"Na nikikosea?" kinyozi akauliza.

"Ukikosea nimekwisha. Usipokuja pia nimekwisha. Njoo basi unimalize ukiwa umekaa."

Kinyozi aliufuta wembe muda mrefu kuliko ulivyochafuka. "Haya," akasema.

Siku yenyewe waliwekwa kwenye meza tatu, kila mmoja akitazama ukuta wake, na penseli, rula na karatasi. Dereva alianza sebule kwa kasi, kisha akakwama. Kabati la vyombo lilikuwa kulia au kushoto? Akafumba macho, akaona dashibodi ya lori. Alifuta hadi karatasi ikakaribia kutoboka.

Akachungulia pembeni. Kinyozi alikuwa ameshika penseli tu, karatasi nyeupe. Dakika tano, kumi. Miaka kumi na moja ya bima ilikuwa mikononi mwa mtu anayekodolea macho ukuta.

Kisha kinyozi akamtazama, mara moja, akainama. Akachora bila kuinua kichwa hadi muda ukaisha.

Afisa akakusanya karatasi na kuingia nazo ofisi ya ndani. Wakabaki watatu kwenye benchi, mke mwishoni kabisa, mkoba mapajani.

"Umechora vyumba vyote?" dereva akanong'ona.

"Vyote."

"Maana hata kimoja ukiacha wazi, wanakata."

"Sikuacha, jirani."

Nusu saa ilipita. Afisa aliporudi alikuwa anatabasamu, jambo ambalo dereva hakudhani lilikuwemo kwenye mkataba wake wa kazi. Akatandaza michoro mezani.

"Hongereni. Miaka kumi na minne sijapata shahidi wa namna hii. Mchoro wake na wa mama ni kama imepigwa chapa moja. Kampuni italipa kila kitu."

Dereva akapiga meza kwa kiganja, akacheka, akamkumbatia kinyozi mabegani. Mabega yalikuwa magumu kama ubao. "Si nilikwambia? Si nilikwambia wewe?"

"Kuna kosa moja dogo tu, nalo ni lako, baba," afisa akasema. "Chumbani. Umeweka kitanda chini ya dirisha. Wenzako wote wawili wamekiweka ukuta wa ndani. Mama ameandika hapa kwamba kilihamishwa wiki tatu kabla ya moto, mvua ilipoanza kupenya."

Akamsogezea kifutio.

"Rekebisha hapo, kisha utie saini."